Mwaka Kibet Alipokamua Ng'ombe Zangu

Simu ya Chebet ilinikuta nachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia huwa nauweka tu ukingoni mwa sinia uzuie yasimwagike, hiyo ndiyo kazi yake tangu zamani. "Mzee Wafula," akasema, "ni Chebet, wa Mzee Kibet. Mzee ametuacha jana. Mama anasema uje, na anasema utaongea." Nikamwambia pole, nikamwambia nitakuja, halafu simu ikakatika au mimi nikaikata, siku hizi sijui. Tangu hapo sijakaa kitako. Nimetoka nje, nimerudi ndani, nimefungua mlango wa kuku nikaufunga, nimeweka chai nikaisahau ikakauka kwenye sufuria. Utaongea. Mtu akikuambia hivyo anataka usimame useme marehemu alikuwa mtu mwema, alipenda watu, halafu ukae chini uletewe soda. Lakini mimi na Kibet tuna neno moja kati yetu, la tangu ujana, na nikisimama mbele ya sanduku lake niseme alipenda watu tu, nitakuwa nimedanganya juu yake mara ya pili. Kwa hivyo naandika kwanza, nione kama linaandikika. Shule nilifika darasa la tatu. Nikizunguka mnivumilie, mimi hata nikienda dukani huwa nazunguka.

Ilikuwa ule wakati wa hali ya hatari, miaka ya hamsini katikati, kwenye shamba moja la mzungu juu ya Molo. Mzungu mwenyewe tulimwita Bwana Ngoja, kwa sababu neno hilo ndilo alilolijua vizuri. Ukiomba ruhusa, ngoja. Ukiumwa, ngoja. Hata ng'ombe akizaa vibaya alikuwa anamwambia ngoja. Sisi wakamuaji tulikuwa kumi na wawili, na kila mtu alikuwa na ng'ombe zake nane, anazijua na zinamjua. Nyumba zetu za laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa mstari, zilikuwa za mabati na ubao, na baridi ya Molo ilikuwa inaingia kwa kila pengo kama mtu aliyealikwa. Chakula kilikuwa posho, viazi, na yale maziwa ya mashine, yaani yaliyotolewa mafuta yote, meupe yanaelekea bluu. Mafuta yalikwenda stesheni na treni, maziwa ya bluu tuligawana sisi na nguruwe. Nguruwe walikuwa wanapewa kwanza.

Kibet hakuwa wa laini. Yeye alikuwa na nyumba yake ya nyasi kule ukingoni mwa msitu, na alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe sita. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yake na Bwana Ngoja: yeye akamue kama sisi, ng'ombe wake wale nyasi za shamba. Wale sita walikuwa wameshapata wenyewe, kwa maneno tu lakini. Kulikuwa na msichana upande wa Londiani, na baba ya huyo msichana alikuwa amekuja kuwatazama, akawashika mapembe mmoja mmoja, akasema sawa, mahari imetosha, mwisho wa mwaka mlete. Kibet alikuwa akiwaongelea wale ng'ombe mpaka unachoka. "Huyu ni mkono wa kushoto wa bibi yangu," anasema, "huyu ni wa kulia, yule mweupe ni kichwa." Namuuliza, na kiuno? "Kiuno nitamalizia baadaye, Wafula, wacha haraka."

Mkono wangu uliliwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe, mwezi wa mvua. Sitaeleza sana. Nilikuwa nasukuma mabua yaliyolowa, yakakwama, nikayafuata. Vidole viwili vya mwisho vilienda palepale, na vile viwili vya katikati vilibaki lakini mishipa ilikatika, havikunjiki. Nilibaki na kidole gumba na fimbo mbili. Nilikaa hospitali Nakuru wiki nyingi, na siku ya kutoka dresa mmoja, kijana wa kwetu wa magharibi, akaniambia kwa sauti ya chini huku ananifunga bendeji: "Ndugu, kuna sheria. Mtu akiumia kazini analipwa. Lakini ni lazima uthibitishe. Nenda kwa Bwana Leba." Bwana Leba ndiye afisa wa mambo ya kazi. Nikalibeba hilo neno hadi Molo kama mtu amebeba yai mdomoni, na sikumwambia mtu isipokuwa Kibet. Niliogopa. Kesi ya namna hiyo ilikuwa inachukua miezi, na mzungu akijua huwezi kukamua alikufukuza leo, bila hata yeye mwenyewe kusema ngoja. Na mimi nikifukuzwa na mkono ule, ningeenda wapi kushika nini? Nilitaka yale malipo niwe na pa kuanzia. Nilikuwa nimekwisha kuona kibanda cha chai karibu na stesheni ya Molo, kichwani mwangu kilikuwa na madirisha tayari.

Sasa hapa ndipo neno lenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inanyesha. Nilikwenda kwa Kibet, nikamkuta ameketi na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala siku kumi na mkaa wake ndani. Nyumba ilikuwa inanuka moshi na mvuke wa kanzu iliyolowa. Akanimiminia. Nikanywa. Nikamwambia, Kibet, nisaidie, nikamulie ng'ombe zangu mpaka mambo ya Bwana Leba yaishe. Akaweka kibuyu chini. "Wafula, hiyo ni ng'ombe nane juu ya nane." Nikasema najua. "Na nyapara anaandika kitabu. Akijua, sisi wote tunaenda. Na mimi sina mguu mmoja wa kutoa hapa, niko na miguu ishirini na minne inakula nyasi ya mzungu." Nikapiga magoti. Mwanamume mzima, nikapiga magoti, na goti likagonga kile kibuyu kikaanguka, mursik yote ikaenda chini. Tukabaki tunaitazama inavyonywewa na udongo. Halafu Kibet akasema, polepole kama mtu anayemsomea mwingine hukumu: "Sasa umemwaga." Akainuka, akatafuta kitambaa. "Basi kesho uanze mapema, unioshee viwele vyote kumi na sita. Na ukomboe hiyo maziwa siku moja."

Basi tulifanya hivyo miezi mingi. Kibanda cha kukamulia kilikuwa kirefu, nguzo nyingi, na nyapara wetu, Mzee Barasa, alisimama mlangoni penye mizani na kitabu chake na penseli sikioni. Kila ndoo inapimwa, kila ng'ombe inaandikwa jina la mkamuaji na ratili zake. Mimi niliosha viwele kwa mkono wa kushoto, nikafunga miguu ya ng'ombe wakali, nikabeba ndoo nikiitundika kwenye kiwiko. Kibet alikamua zake nane kama anakimbizwa, halafu anapita kwa chini kati ya ng'ombe, anakuja kwa zangu. Yeye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hivyo alikaa upande wa kushoto wa ng'ombe, mimi nikakaa ule wa kulia, paji la uso limeegemea ubavuni, mabega nayatikisa kama ninayekamua. Kutoka mlangoni unaona mgongo wangu tu. Tuliongea chini ya tumbo la ng'ombe. "Wafula, tikisa vizuri, unatikisa kama mtu anayelia." Mimi namwambia kweli nalia, ng'ombe amenikanyaga. Jambo baya ni kwamba Barasa alianza kunisifu. Anawaambia wengine, "Nyinyi mna mikono miwili mnaniletea nusu ndoo. Mtazameni Wafula, mkono mmoja na kitabu chake kimejaa!" Wakati ule sikujua ubaya wake, niliona tu kwamba tumefaulu.

Nilipeleka madai kwa Bwana Leba, naye akanituma kwa daktari Nakuru, nikaenda na treni, nimevaa koti la kuazima. Polisi walituangalia karatasi mara mbili kabla hatujafika Njoro. Kwenye ile baraza ya hospitali kulikuwa na benchi refu la wagonjwa wa kesi kama yangu, na jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa reli, mguu wake umefungwa ubao. Akaniuliza, "Wewe wa Molo umeleta nini?" Nikasema mkono. "Mkono gani, huo unaoshikia mandazi?" Na kweli nilikuwa nashika andazi, kwa kidole gumba. Watu wakacheka, nikaliweka mfukoni. Niliitwa ndani. Daktari alikuwa mzungu mwenye haraka, na kulikuwa na mkalimani. Akaniambia simama. Nikasimama wima. Vua shati. Nikavua, nikajaza kifua hewa. Sasa nisikilizeni, na mtu asinicheke kabla hajaelewa. Maisha yangu yote daktari niliyemjua alikuwa ni yule wa kuandika watu kazi. Unasimama kwenye mstari, anakugonga kifua, anakuangalia meno, anakwambia inua gunia, na asiyeinua anarudi nyumbani. Mwili wangu ulijua daktari ni mtu wa kuonyeshwa nguvu. Akaniambia, "Inua lile sanduku." Sanduku la mbao, zito. Nikapitisha mkono wa kulia chini yake, nikalikumbatia kwa kiwiko, nikaliinua mpaka kifuani, na nikamtazama usoni. Hata nikatabasamu. Akaandika kidogo sana.

Nilipotoka yule mzee wa reli akauliza imekuwaje. Nikamweleza. Akaacha kupapasa mguu wake. "Umeinua?" Nikasema nimeinua. "Mpaka wapi?" Hadi hapa. Akageukia benchi lote: "Jamani, huyu ameinua!" Halafu akaniambia, na hakuwa anacheka tena, "Kijana, ulikuja kuandikwa kazi ama kuandikwa kilema?"

Karatasi ilisema vidole viwili vidogo vimepotea, mkono una nguvu, anaweza kazi yake. Bwana Leba alinisomea mwenyewe ofisini mwake. Huyo alikuwa mzungu kijana, na alijua Kiswahili kuliko sisi, Kiswahili cha kitabu kabisa, na hilo lilitutia hofu maana huwezi kusema umekosea kusikia. Nikamwambia, bwana, kuinua naweza, kukamua siwezi, kukamua ni kufinya. Akasema, "Tajiri wako ameniletea kitabu cha maziwa. Tangu utoke hospitali hakuna siku uliyopungua." Akageuza kurasa. Ni jina langu, jina langu, jina langu, na ratili zote za Kibet. Ndipo nilipojua ubaya wa zile sifa za Barasa. Tulikuwa tumeandika ushahidi dhidi yangu kwa mikono yetu wenyewe, asubuhi na alasiri. Bwana Leba hakuwa mtu mbaya. Alifunga kitabu, akasema, "Nitakuja nikuone unavyofanya kazi. Nitaona kwa macho yangu, kisha nitaamua."

Nilimpa Kibet habari tukiwa tunachimba viazi vyake. Alichimba mpaka mwisho wa mstari. Akasema, "Basi siku hiyo utakaa chini ya ng'ombe, utashindwa, ataona, mambo kwisha. Mimi hakuna haja niseme." Nikasema ndiyo, hakuna haja. Tulikubaliana hivyo, na wote wawili tuliamini kwa nusu siku.

Alikuja alasiri, wakati wa kukamua mara ya pili, gari limejaa matope. Bwana Ngoja akasimama naye, Barasa na kitabu chake, wakamuaji wote wakachelewesha mikono wasikie. Nikapewa Zabibu, ng'ombe wangu mpole kuliko wote. Nikakaa kulia kwake, nikapiga mluzi kidogo kama desturi yetu, naye akashusha maziwa, nikaona chuchu zinajaa. Nikashika. Kidole gumba na zile fimbo mbili. Nilifinya mpaka nikaona nyota, na kwenye ndoo likalia tone, halafu tone. Zabibu akageuza kichwa kunitazama. Bwana Ngoja akacheka. "Yeye nacheza! Kila siku nakamua, leo Bwana Leba nakuja, leo hapana weza? Barasa, soma kitabu." Barasa akasoma. Jana asubuhi, ratili kadha. Jana alasiri. Juzi. Sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo, kwa sababu Barasa alikuwa mtu wa haki, na alikuwa amesimama karibu, anauona mkono wangu kwa mara ya kwanza kabisa. Bwana Leba akasema, "Inatosha. Mtu huyu anadanganya." Na akaanza kufunga kalamu yake.

Mimi sikusema kitu. Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa na paji la uso kwenye ubavu wa Zabibu, na niliwaza kibanda changu cha chai, na nikanyamaza.

"Si yeye anakamua," akasema Kibet. Alikuwa chini ya ng'ombe wake, hakusimama mara moja. Akasimama. "Ni mimi. Yeye hawezi. Tangu hospitali ni mimi." Bwana Ngoja akamwambia wewe nyamaza, wewe natetea rafiki. Kibet hakubishana. Alikuja na kistuli chake, akazunguka nyuma ya Zabibu akaenda upande wa kushoto, akainama. Na kabla hajamgusa, kabla hata hajakaa, Zabibu akarudisha mguu wake wa nyuma, ule wa kushoto, kumpa nafasi. Taratibu, kama bibi anayesogeza kiti. Mtu asiyefuga hawezi kuelewa. Ng'ombe humpa mkamuaji wake mguu, na kwa upande wangu hakuwa amesogeza hata ukwato. Bwana Leba hakuona chochote, lakini Bwana Ngoja aliona. Alikuwa ni mtu wa ng'ombe toka kuzaliwa kwake, na uso wake ulibadilika. Akamnyang'anya Barasa kile kitabu, akakifunga. Kibet akakamua ndoo ikaimba mpaka ikajaa povu.

Bwana Leba akauliza, na akauliza kwa kila neno peke yake: "Je, mkamuaji huyu alikuomba umfanyie hivyo?" Kibet akajibu bila kuniangalia, "Hapana. Niliona damu inatoka kwenye bendeji, nikamwambia akae kando. Alikataa, mimi nikalazimisha." Bwana Leba akanigeukia. "Ni kweli? Hukumwomba?" Nilijua maana ya swali. Kama nilimwomba, basi nilidanganya kitabu, na mdanganyifu halipwi. Nikasikia lile goti langu, ile mursik inayonywewa na udongo. Nikasema, "Sikumwomba, bwana."

Nililipwa. Kibet alipewa siku tatu za kuhama. Niliwaona ng'ombe wake sita wakishuka barabara ya Londiani kwenye ukungu, yule mweupe mbele, yeye nyuma na fimbo na kibuyu begani. Nilikuwa nimepanga kumsindikiza mpaka kona. Nilisimama kwenye mlango wa laini nikitafuta koti, nalitafuta huku nimelivaa. Baadaye nilisikia wawili walikufa njiani kwa ugonjwa na mmoja akauzwa apate pa kulisha wengine. Kibanda cha chai nilikifungua, na madirisha yake. Kibet alipita mara moja, miaka mingi imekwenda, tayari Uhuru, akanywa chai, akalipa. Nilikataa hela, akaiacha juu ya meza. Tuliongea mvua.

Niliacha kuandika hapo. Sasa nimerudi kutoka mazishini, viatu bado vina udongo mwekundu wa juu ya Sachangwan, na siwezi kulala kabla sijamaliza.

Walinipa dakika tano. Nikasimama na kipaza sauti kwenye mkono wa kushoto. Nikasema mimi ni Wafula, nilikamua pamoja na marehemu Molo. Nikasema mnaambiwa hapa alifukuzwa kwa sababu alinisaidia kwa hiari yake. Si hiari. Nilimwomba. Nilipiga magoti kwake Jumapili moja, halafu nilipoulizwa na serikali nikakana, naye alikuwa amesimama hapo. Pasta akaangalia saa. Ndipo Mama Chebet, mkewe, yule msichana wa Londiani, sasa ni bibi kizee mwenye leso nyeusi, akasema akiwa amekaa, bila kipaza sauti: "Wafula, hiyo tunajua. Watoto hawa wote wanaijua. Hakuwa anasema ulimkana. Alikuwa anasema ulimmwagia mursik ya siku kumi, na hukulipa." Watu wakacheka, hema lote, hata waliobeba koleo, na mimi nikacheka na machozi yananitoka. Alingoja kicheko kiishe. Halafu akasema kwa sauti ya chini, yangu mimi peke yangu: "Lakini mimi nilingoja miaka miwili. Baba alikataa ng'ombe watatu. Miwili, Wafula."

Tukaenda kaburini. Kila mtu alichukua udongo kidogo kutupa, na foleni ilipofika kwangu nikachukua kwa mkono wa kulia. Kijana mmoja akanong'ona, mzee, tumia huu mwingine. Nikakataa. Nikauchota kwa kile kidole gumba na fimbo mbili, na ukaanza kumwagika palepale, kati ya vidole visivyokunjika, juu ya kiatu changu, juu ya nyasi. Mama Chebet alikuwa amesimama ukingoni, njiani mwangu. Aliutazama ule mkono. Nadhani hakuwa ameuona hata siku moja. Kisha akarudisha mguu nyuma, akanipa nafasi.